Kozi yangu haimo kwenye DD 214, naombeni ushauri kabla ya Ijumaa

Dereva wa Usiku
Wakuu, habari za saa hizi. Nilitumikia jeshi la nchi kavu hapa Marekani miaka 4, nikatoka 2019 kwa heshima. Kazi yangu ilikuwa kuendesha malori. Mwaka 2017 nilipelekwa kozi ya mitambo mizito, wiki 6, kwenye kambi moja ya Missouri. Nilimaliza, nikarudi kikosini. Sasa kuna mkandarasi anataka kunipa kazi ya greda, kaomba DD 214, ile karatasi ya kutoka jeshini inayoorodhesha utumishi wako, na ndipo nilipoona kisanduku cha 14, pale pa mafunzo, kina kozi ya udereva peke yake. Nimeshaanza kujaza fomu DD 149, ya kuomba rekodi ya jeshi isahihishwe. Naombeni kujua, inachukua muda gani? Wakili ni lazima? Mkandarasi anataka jibu Ijumaa. Usingizi umenipaa.

Mama Zawadi
Pole kaka. Lakini karatasi ile uliisaini mwenyewe. Mume wangu alipokuwa anatoka nilimkalisha mezani, tukaipitia kisanduku kimoja kimoja. Tukakuta medali moja imesahaulika, wakaiweka kabla hajatia sahihi. Vijana mnatoka jeshini kama mnakimbizwa.

Buti Jekundu
Achana na 149, jaza DD 293. Shemeji yangu alijaza hiyo akafanikiwa.

Karani Mstaafu
Buti, hapana. 293 ni ya kuomba sababu au hadhi ya kuachishwa jeshi ipitiwe upya, tena ina ukomo wa miaka 15. Huyu kaka shida yake si hiyo.

Dereva, nimekaa ofisi ya utumishi ya kikosi miaka 11, hizi 214 nimechapa hadi vidole vikaota sugu. Sikiliza. DD 149 inakwenda kwenye bodi ya kusahihisha rekodi. Sheria inakupa miaka 3 tangu ulipogundua kosa, na ukichelewa bodi inaweza kukusamehe ikiona haki inadai hivyo. Ila bodi inataka kwanza uwe umepita njia za kawaida. Kozi iliyosahaulika na ushahidi upo, unaiandikia ofisi ya utumishi ya jeshi kule Fort Knox, Kentucky. Wakiridhika hawakuchapii 214 mpya, wanakupa DD 215, karatasi ya nyongeza inayokaa pamoja nayo. Wakili wa nini?

Sasa nijibu. Cheti unacho? DA 1059 je, ile ripoti ya mwanafunzi? Na ujue kisanduku cha 14 ni cha kozi rasmi za kutwa ulizofuzu ndani ya kipindi cha hiyo 214. Za mbinu za kivita hawaziandiki, kwa sababu kisanduku kiliwekwa kikusaidie kutafuta kazi uraiani. Greda inaingia bila shida.

Mkwe Mtiifu
Mnanikumbusha baba mkwe. Alitoka jeshini 1956. Miaka imepita, kaugua, tunaomba faili lake Saint Louis, tunajibiwa liliungua. Moto wa tarehe 12 Julai 1973, ghorofa ya juu ya jengo la kumbukumbu, faili kati ya milioni 16 na 18 zikateketea. Askari wa nchi kavu waliotoka kati ya 1912 na mwisho wa 1959, asilimia 80 ya faili zao ziliondoka na ule moshi. Mzee alikaa kimya siku nzima, kisha akasema, "Kwa hiyo mimi sikuwahi kuwa askari?" Ilibidi wamjengee rekodi upya kutokana na karatasi za mishahara. Wewe faili lako lipo, shukuru.

Dereva wa Usiku
Poleni sana na mzee. Karani, cheti kilipotea tulipohama. Barua ya kunituma kozini ninayo, ina tarehe na kila kitu. Rafiki yangu tuliyesoma naye yuko tayari kuniandikia maelezo ya kiapo. Haitoshi?

Karani Mstaafu
Barua ya kutumwa inathibitisha ulikwenda. Haithibitishi ulifuzu. Kuna mfumo unaitwa ATRRS, unaweka kumbukumbu za nani aliingia kozi gani na aliondokaje. Umeomba hiyo taarifa? Na JST yako, ile orodha ya mafunzo inayosomwa na vyuo, inasemaje?

Buti Jekundu
Mwandikie mbunge wa wilaya yako, ofisi zao zina watu wa kufuatilia mambo kama haya.

Karani Mstaafu
Dereva, nimekuuliza ATRRS.

Dereva wa Usiku
Nilitumiwa mwezi uliopita. Imeandikwa sikuhitimu.

Naomba mnielewe. Wiki ya 6, zikiwa zimebaki siku 4, mke wangu alijifungua kabla ya wakati, mtoto ana miezi 7 tumboni. Niliruhusiwa kuondoka usiku uleule. Mkufunzi alinishika bega akaniambia, "Wewe ulishafaulu, nenda kwa mkeo." Mtihani wa mwisho sikufanya, na hakuna aliyeniita tena. Lakini mashine naijua! Kikosini niliendesha greda miaka miwili. Kwa hiyo rafiki yangu akiandika kwamba tulimaliza pamoja, anadanganya nini hasa? Mkandarasi nimeshamwambia kozi ninayo. Siwezi kurudi nyuma.

Mama Zawadi
Nilijua kuna kitu.

Kobe Mpole
Samahanini, mimi huyu simwamini. Rudini juu msome. Kwanza "nilimaliza". Halafu "tuliyesoma naye". Sasa "sikufanya mtihani". Na cheti kilipotea vipi wakati hakikutolewa? Hii hadithi imetungwa. Kuna watu humu wanatafuta namna ya kughushi karatasi za jeshi, na nyie mnawapa namba za fomu moja baada ya nyingine.

Buti Jekundu
Kobe kaongea. Na mimi nimeshangaa mtu hajui hata kambi yake inaitwaje.

Mkwe Mtiifu
Jamani taratibu. Fomu hizi zote ni za wazi, mtu yeyote anazipata. Na mtu wa kutunga angejitungia cheti, si mtihani alioukosa.

Dereva wa Usiku
Kobe, kuhusu cheti nilidanganya. Niliona aibu. Mengine yote ni kweli. Kambi sikuitaja kwa sababu yule mkufunzi alinitendea wema, sitaki aulizwe kwa nini aliniachia. Mtoto alikaa kwenye mashine ya joto siku 41. Hizo siku sikutunga.

Karani Mstaafu
Mimi namwamini, na ndiyo maana nasema kwa ukali. Soma onyo kwenye DD 149 kabla hujasaini. Maelezo ya uongo kwa serikali ni kifungo hadi miaka 5, na rafiki yako naye anaingia humo. Kama bado yuko jeshini, umemmaliza.

Una jambo la kweli la kuomba, na ni dogo kuliko unavyotaka. Omba faili lako lote kwa SF 180, fomu ya kuomba kumbukumbu za jeshi, utafute DA 1059. Kama imeandikwa uliondoka kwa dharura ya familia, wala si kwa kushindwa, hiyo ni karatasi ya kumwonyesha mtu. Miaka yako miwili kwenye greda, tafuta ripoti zako za utendaji, na kiongozi wako wa wakati ule aandike alichokiona kwa macho. Kisanduku cha 14 kiache kilivyo. Mkandarasi mwambie kabla ya Ijumaa, umwombe akupime kwenye mashine.

Dereva wa Usiku
Akininyima je?

Karani Mstaafu
Anaweza kukunyima.

Dereva wa Usiku
Nimempigia rafiki yangu, nimemwambia asiandike. Alishusha pumzi, kumbe naye alikuwa hapati usingizi. Mkandarasi nitamwona kesho asubuhi. Bado naona nilionewa, hilo siondoi.

Kobe Mpole
Mtoto anaendeleaje?

Dereva wa Usiku
Mzima. Ananizidi mbio.

Buti Jekundu
Karani, hebu na mimi nisaidie, kisanduku changu cha 13 wamekosea jina la medali. Hiyo ni Fort Knox au bodi?