Ushauri jamani: kundi letu la vichekesho linataka kuigiza uonevu wa shuleni. Nijitoe au nibaki?

MtuWaGungu
Mwakeye wana jukwaa. Nawasalimu kutoka Kigoma, mwisho wa reli.

Tuko watano, tulilala bweni moja, shule sitaitaja, na mpaka leo tuko pamoja. Tunatengeneza kipindi cha vichekesho na kukirusha YouTube, kila sehemu kama dakika 12. Kinahusu marafiki waliopanga nyumba moja, kuishi bila ugomvi hawawezi na kuachana hawawezi. Kwa kweli hatuigizi sana. Mwenye kamera na Chifu hawasemeshani tangu stendi ya kamera ilipouzwa kimyakimya, kila mmoja ananituma mimi kwa mwenzake. Mwingine, Sukari, anamdai kila mtu. Lakini mmoja wetu akifiwa, wote tunalala matangani.

Sasa sehemu ya saba. Marafiki wanaalikwa kwenye sherehe ya waliosoma pamoja, wanajitapa njia nzima jinsi walivyopendwa, wakifika kila mtu anawakwepa kwa sababu walikuwa wanaonea njuka, yaani wanafunzi wageni wa kidato cha kwanza. Kuna kipande njuka anafungiwa stoo ya majembe usiku. Wenzangu wanasema hapo ndipo watu watakapovunjika mbavu. Mimi tangu nikisome sipati usingizi, maana kuna kijana alifanyiwa hivyo kweli enzi zetu, mwaka 2007.

Nijitoe, au nibaki niwashawishi wakiondoe? Naomba ushauri wa dhati.

BintiUjiji
Jitoe. Watu wazima wanatumana kwa mtu wa tatu kwa sababu ya stendi? Wewe umekuwa mjumbe wa nyumba kumi bila mhuri.

KibaliKwanza
Kabla ya yote, kibali cha Bodi ya Filamu mnacho? Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976, namba 4, haikuanza jana. Vijana wengi wanashika kamera tu na kuingia barabarani.

MnyamweziWaIsevya
Mwangaluka wote. Umenikumbusha mbali ndugu yangu. Mimi nilishuka stesheni ya Tabora na tranka langu la bati, usiku wa kwanza tu nikaambiwa nipulize balbu izime. Nikapuliza mpaka kichwa kikazunguka. Kesho yake nikapewa kiatu nimpigie mama simu. Nikampigia! Nikamwambia nimefika salama, bweni zima likalala chini kwa kicheko.

Mpaka hapo na mimi nacheka. Ila kulikuwa na mmoja, yeye hakuwa na mzaha. Alikuwa ananiamsha saa tisa nikapange foleni ya maji, ndoo mbili, nikirudi anaoga yeye na mimi naenda mchakamchaka na usingizi. Miaka mingi baadaye nimekaa kwenye treni ya kwenda Kigoma, behewa moja, namwona anapanda na dumu la asali. Akanijua, akanichangamkia sana: "Mdogo wangu, unakumbuka raha za shule?" Nikamwambia nakumbuka. Usiku kucha hadi Uvinza nilikuwa natafuta neno la kumwambia, akashuka bila mimi kulipata. Asali yake alinipa chupa nzima. Sikuila, niliigawa.

BintiUjiji
Pole kaka. Lakini asali ya Tabora ulipaswa kuila.

MwalimuMstaafu
Wanangu, nimekuwa patroni wa mabweni miaka mingi. Watu wanadhani uonevu ule ulikuwa malezi. Haukuwa. Kanuni ya viboko ya mwaka 2002 inasema visizidi vinne, na mwenye kuvitoa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Kiranja hayumo, na kidato cha tatu hayumo kabisa. Walimu tulijua yanayotokea baada ya prepo, masomo ya usiku, kuisha na taa kuzimwa. Mimi nilijua. Nilikuwa nakohoa kwa nguvu nikikaribia bweni ili wajue nakuja, nisikute kitu cha kunilazimu kuandika ripoti. Hilo linanikera hadi leo.

Kijana, nakuuliza jambo moja. Huyo aliyefungiwa anajua mnataka kuliigiza?

MtuWaGungu
Shikamoo mwalimu. Anajua. Yupo hapahapa mjini. Kila wiki napitia kwake mwalo wa Kibirizi kununua dagaa, tunaongea vizuri tu, ananiita kaka. Tulimwambia, akasema sawa. Tena ni yeye mwenyewe atakayeigiza nafasi ya njuka, tumekubaliana 30,000. Sasa mtu mwenyewe akiridhia, nani wa kukataa? Hapo ndipo ninapochanganyikiwa.

BintiUjiji
Subiri kwanza. Mmemwajiri aliyefungiwa stoo aje afungiwe tena?

MnyamweziWaIsevya
Ndugu yangu, mlipomfungia wewe ulikuwa wapi?

MtuWaGungu
Nilikuwepo. Tulikuwa wengi. Mnajua ilivyo, ukikataa unageuziwa wewe.

KibaliKwanza
Na mkataba wake umeandikwa?

MtotoWaMwaloni
Wakuu, msipoteze bando. Hii ni chai, tena chai ya jana. Mimi naishi Kibirizi. Mleta uzi anasema KILA WIKI ananunua dagaa kwa huyo jamaa. Ziwa limefungwa tangu Mei 15 mpaka Agosti 15, samaki wazaliane. Vipe, boti zetu za uvuvi, vimepandishwa nchi kavu, taa zimeningʼinia kwenye miembe, watu wanafuma nyavu na kucheza bao. Dagaa gani hao wa kila wiki? Huyu anaandika hadithi ya kipindi chake, anataka tumsaidie bure kuimalizia.

BintiUjiji
Eeh! Na mimi nilishaanza kulia.

MlaMigebuka
Nilijua. Eti mmoja anaitwa Chifu, mwingine Sukari. Majina ya kwenye kipindi hayo.

MwalimuMstaafu
Mpeni nafasi ajibu.

MtuWaGungu
Si chai. Majina ni ya utani ya shuleni, na yeye tulimwita Chumvi kwa sababu kwao Uvinza. Hata kwenye daftari la malipo tumemwandika Chumvi.

MtotoWaMwaloni uko sahihi kuhusu ziwa. Nilikuwa nanunua kwake kabla halijafungwa. Sasa hivi anabeba mizigo stesheni siku za treni, siku nyingine anakaa. Ana watoto watatu. Nilimfuata wiki ya kwanza ya Juni, nikamweleza, akauliza tu malipo ni lini.

Nimeandika nikijua mtanichapa, lakini ndivyo ilivyo.

MnyamweziWaIsevya
Kwa hiyo hakuridhia. Alikuwa na njaa.

MtuWaGungu
Kaka usiseme hivyo. Wako wengi waliohitaji hiyo kazi, sisi tulimchagua yeye ili apate. Mimi ndiye niliyependekeza, Chifu alitaka amchukue binamu yake.

MwalimuMstaafu
Nani alishika ufunguo mwaka 2007?

BintiUjiji
Mleta uzi? Upo?

MtuWaGungu
Nipo.

Mimi. Nilikuwa naweka ufunguo wa stoo kwa sababu nilikuwa kiongozi wa shamba. Chifu alisema tumtishe dakika kumi, njuka alikuwa amekataa kumfulia shuka zake. Nikafunga. Kengele ya kulala ikalia, mwalimu wa zamu akapita, nikaogopa kutoka. Nikalala. Nilifungua alfajiri. Alikuwa amekaa juu ya magunia, ameyapanga majembe vizuri ukutani. Muhula uliofuata hakurudi. Kidato cha pili hakukifikia.

Na niwaambie yote. Kile kipande tumeshakipiga, Jumamosi. Ilitakiwa tufunge mlango, agonge, apige kelele, sisi nje tucheke, mwisho majembe yamwangukie. Tukafunga. Hakugonga. Mwenye kamera akasubiri. Chifu akaita, "Chumvi, gonga basi!" Kimya. Tukakaa pale dakika ngapi sijui. Nikafungua mimi, nikamkuta amekaa chini, mikono juu ya magoti. Akaniangalia akasema, "Kaka, nimefanya sawasawa?"

Chifu anasema tuweke sauti ya kugonga kwa kompyuta na kipindi kiruke Ijumaa.

MtotoWaMwaloni
Mkuu nafuta neno langu. Nisamehe.

MlaMigebuka
Mimi bado naona ni hadithi, ila kama ni kweli basi Mungu akusaidie.

FundiSauti
Nimekuwa nasoma kimya. Mimi kazi yangu ni kuhariri video, hapa Tabora. Hicho kipande msikirushe, hata mkiweka milio mia. Kama mnataka hadithi yenu ya marafiki wakorofi iwe na maana, huyo njuka asionekane kabisa. Kamera ibaki nje ya mlango, kwenye nyuso zenu ninyi watano mnavyosubiri agonge na hagongi. Mtu atacheka mwanzoni, halafu kicheko kitamkwama. Lakini hilo ni la baadaye. Kwanza ni yeye.

MtuWaGungu
Nikikataa kundi litavunjika. Hawa ndio ndugu zangu niliobaki nao. Nimewaza tukirushe halafu nimtafute nimwombe radhi taratibu.

MnyamweziWaIsevya
Mimi nilipewa asali. Nakuambia haikushuka.

BintiUjiji
Kaka yangu, utani pembeni. Ile 30,000 mmeshampa?

MtuWaGungu
Nusu. Nyingine Sukari alisema mpaka kipindi kikisharuka.

BintiUjiji
Kwa hiyo akisema hataki kirushwe, anakosa 15,000.

MtuWaGungu
Sikuwahi kuliona hivyo.

MwalimuMstaafu
Mwanangu, leo ni siku ya treni?

MtuWaGungu
Ndiyo mwalimu. Atakuwa stesheni.

MwalimuMstaafu
Mpelekee mkononi, usimtumie kwa simu. Kundi usilitaje kabisa. Na umuulize jina lake.

MtuWaGungu
Natoka sasa hivi.