Ukimpeleka majeruhi hospitali, unageuka ndugu yake? Tujadili

Wakubwa na wadogo wa Goma, naleta mjadala na matusi sitaki. Motari (dereva wa pikipiki ya abiria) akianguka pale kwenye mzunguko wa Signers, damu inatoka, utaona watu wamemzunguka, simu ziko juu, na hakuna anayemgusa. Mmoja kwenye kikundi cha kartie (mtaa) yetu kaandika kwamba mpita njia asilaumiwe, eti damu ya mtu usiyemjua si deni lako, na wengi wakamuunga mkono. Mi napinga, ila sababu yao naijua vizuri sana.

Sababu ni pesa. Muulize motari yeyote: unambeba majeruhi mpaka urjansi, yaani chumba cha dharura, kabla hajapata hata kitanda unaulizwa "wewe ni nani wake?", ukisema nimemuokota tu barabarani hakuna anayekusikia, pesa ya kuanza ni juu yako, kompresi (vitambaa vya kidonda) na serumu (dripu) ni juu yako, ukitaka kuondoka sentineli wa mlangoni anakwambia ngoja kwanza. Hapo polisi hawajafika kuuliza kama si wewe uliyemgonga. Basi watu wamejifunza kuangalia pembeni, si roho mbaya, ni uoga wa fakitire, bili ya hospitali.

Sasa mi nasema hivi, kuokoa na kulipa ni vitu viwili na tumevifunga kamba moja. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika mtu anaweza kumalizika kwa dakika chache tu, na kinachotakiwa dakika hizo si dola, ni mkono: kunja kitenge, weka juu ya kidonda, kandamiza kwa nguvu, usiachie achie kuchungulia kama damu imekauka. Hiyo inakugharimu nini? Kitenge kitafuliwa.

Tena hata kodi penali yetu, yaani sheria ya makosa ya jinai ya Kongo, kifungu cha 66 ter, inamwadhibu anayeacha kwa makusudi kumsaidia mtu aliye hatarini wakati angeweza bila kujihatarisha yeye wala wengine, kwa mikono yake au kwa kuita msaada. Someni vizuri, haijasema ulipe hospitali. Na haijasema ufe naye. Tarehe 3/10/2024 ile boti ya kutoka Minova ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku hapa Goma, watu walio ufukweni wanaona kwa macho. Asiyejua kuogelea hakuwa na deni la kujitupa ziwani, angekuwa maiti nyingine. Ila kurusha bido (dumu) tupu iliyofungwa vizuri, kumpigia kelele mwenye pirogi (mtumbwi), hilo deni alikuwa nalo, na akisimama kufilimu tu mi namhesabia kosa.

Najua kuna atakayeniuliza, na wanaoumizwa na vita je, na wagonjwa wote wasio na dawa, utaokoa nani uache nani? Swali zuri, lakini halimsaidii aliyelala mbele ya miguu yako. Na yule anayesema hiyo ni kazi ya serikali, sawa, ambilansi iko wapi?

Kwa hiyo jibuni, hasa ba docta na ba infirmie (wauguzi) mlio humu: mtu akiwaletea majeruhi asiyemjua, kwa nini jina lake linaandikwa fasi ya mlipaji? Nani aliamua hivyo, na ni nani anaweza kulifuta?