Wanadiplomasia wetu wafundwe mtandaoni kabla ya kujadili Shirikisho?

Mkazi wa Makole: Wadau, kuna wanaopendekeza kwamba maofisa watakaotuwakilisha kwenye majadiliano ya Shirikisho la Afrika Mashariki wafundwe kwa kompyuta, kila mtu akiwa kwake. Napinga. Nendeni mnada wa Msalato, hapa Dodoma, mkaone. Muuza ng'ombe akitaja bei anakutazama viatu, na wewe unatazama mkono wake: kamba ameikaza au ameilegeza? Kwenye kioo cha simu kamba huioni. Tukipeleka kizazi cha bando Arusha, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, tutauzwa saa nne asubuhi.

Mama Nkuhungu: Shikamoo mzee wangu, lakini "kizazi cha bando" umetukosea adabu. Nimesoma kozi ya namna hiyo wiki nane, usiku, mtoto mgongoni. Kwenye majadiliano ya mazoezi nilipangiwa kuiwakilisha Sudan Kusini, nikatetea ushuru nisioukubali mwenyewe mpaka sauti ikanikauka. Pale ndipo nilipojua tofauti ya "itafanya" na "inaweza kufanya" ndani ya ibara. Wewe umefundwa wapi?

Binti Kondoa: Dada, pole na mtoto, ila hujajibu hoja ya kamba.

Zabibu Chungu: Kamba, bando, vyote pembeni. Watu wetu wanakwama kwenye Kiingereza. Mkataba wa Jumuiya wa 1999, Ibara ya 137, ulikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi, Kiswahili kikaambiwa kikue taratibu. Ndiyo maana vikaoni tunatikisa vichwa tu.

Mwalimu Chamwino: Nani anatikisa kichwa? Sema wewe. Wakuu wa nchi waliridhia Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi mwaka 2021! Kozi ifundishwe kwa Kiswahili, basi. Bujumbura kinasemwa, Goma kinasemwa. Unajidharau mbele ya wageni kwa sababu gani?

Zabibu Chungu: Mwalimu, usinifundishe uzalendo. Kuridhia ni kitu kimoja, rasimu kuwekwa mezani kwa Kiswahili ni kingine. Nikisema tunakwama, nasema kwa uchungu.

Mwalimu Chamwino: Uchungu wako unawavunja moyo wanafunzi wangu wanaosoma hapa.

Kisasa 2: Jamani, ardhi! Itifaki ya Soko la Pamoja ilipoanza kutumika Julai 2010, Ibara ya 15 iliacha ardhi chini ya sheria za kila nchi. Kuna mtu wetu alikaa kwenye kiti akang'ang'ania mstari ule. Shamba la mama yangu Mpwapwa limelindwa na mstari mmoja. Huyo ndiye namtaka tena.

Mkazi wa Makole: Umenena. Na huyo hakufundwa kwa bando.

Mama Nkuhungu: Umelirudia.

Binti Kondoa: Wakati ule meza ilikuwa na nchi tano. Sasa kuna Sudan Kusini, Kongo, na Somalia walioingia juzi.

Kisasa 2: Somalia si juzi. Walitia saini Entebbe Desemba 2023, wakawa wanachama kamili Machi 2024. Nchi nane. Kuwakusanya maofisa wa nchi nane kila mwezi kwa ndege ni pesa za zahanati ngapi?

Zabibu Chungu: Na nani aliwaambia tunalitaka hilo Shirikisho? Mwaka 2007 Watanzania tuliulizwa. Wengi walikataa kuharakishwa. Mimi nilisimama ukumbini nikasema hapana kwa mdomo huu. Miaka kumi baadaye marais wakachagua konfederesheni, yaani muungano ambao kila nchi inabaki na mamlaka yake, iwe hatua ya mpito, na leo tunagombania kozi!

Mwalimu Chamwino: Ulisema kwa lugha gani siku hiyo?

Zabibu Chungu: Kiswahili. Na nilieleweka.

Mwalimu Chamwino: Basi.

Mkazi wa Makole: Mama Nkuhungu, Jumamosi nipo Msalato. Njoo, nikuoneshe kamba.

Mama Nkuhungu: Nitakuja, na mtoto nitambeba. Ila lile neno lifute kwanza, mzee wangu.