Ampu ya 120V kutoka Marekani: nitumie transfoma gani huku Igombe, Mwanza?

Mwana_Igombe:
Habari wakuu. Nimeletewa vitu vitatu kutoka Marekani: ampu (amplifaya ya muziki, 120V 60Hz, 300W), televisheni (100–240V, 50/60Hz) na maikrowevu (120V 60Hz, 1500W). Umeme wetu ni 230V 50Hz, na jioni huku mita inasoma mpaka 180V. Transfoma moja kubwa ya kushusha umeme itabeba vyote? Natanguliza shukrani.

Fundi_Kirumba:
Mkuu, usivichanganye. Televisheni badilisha plagi tu, chomeka ukutani. Usiipitishe kwenye transfoma, kwa sababu transfoma hugawa, haisawazishi: ya 230 kwa 115 ikipokea 180V inatoa 90V, chini ya 100V ambayo saplai (sehemu ya kuandaa umeme) ya televisheni inahitaji. Saplai za aina hiyo volti zikishuka huvuta ampea nyingi zaidi ili zitoe wati zilezile, na mosfeti yake (swichi ya kielektroniki) inachemka.

Maikrowevu achana nayo. Transfoma ya kushusha inabadilisha volti, masafa (Hz) yanabaki 50Hz. Transfoma iliyo ndani imepimwa kwa 60Hz. Kwa 50Hz sumaku kwenye chuma inapanda asilimia 20, chuma kinashiba (hakibebi sumaku zaidi), koili inavuta ampea nyingi na kuungua.

Volti_Nyegezi:
Kwa ampu, kabla hujatoa hela, fungua kifuniko. Chomoa kwanza, kisha pima kapasita kubwa (zinazohifadhi chaji hata baada ya kuchomoa) mpaka zishuke chini ya 5V. Ukikuta transfoma ina koili mbili upande wa umeme wa ukutani (0-120, 0-120) zilizoungwa sambamba, ziunge mfululizo: mwisho wa ya kwanza na mwanzo wa ya pili. Hapo hununui transfoma.

Wengi huharibu kwa kugeuza koili moja. Sumaku zinafutana na fyuzi inalipuka. Kwa hiyo washa mara ya kwanza kupitia balbu ya nyuzi ya 100W iliyoungwa mfululizo na waya wa moto. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, uko sawa. Ikibaki inawaka kwa nguvu zote, zima, umegeuza.

Kuna mambo matatu watu husahau. Fyuzi punguza nusu, ya 5A iwe 2.5A ya kuchelewa kukatika. Varista (kinga ya volti kubwa) ya 130V iliyo kwenye mlango wa umeme weka ya 275V, la sivyo itapasuka. Na kama kuna feni ya 120V ndani, iache kwenye koili moja tu.

Mwana_Igombe:
Asanteni sana. Nimefungua, koili ni moja, nyaya mbili tu. Dukani kuna kigeuzi kimeandikwa 1600W, chepesi kabisa. Kinafaa?

Fundi_Kirumba:
Hapana, mkuu, usikichomeke kwenye ampu! Hicho hukatakata wimbi la umeme kwa thairista (swichi ya kielektroniki). Wastani unashuka, lakini kilele kinaweza kubaki karibu 325V, na kapasita za saplai hujichaji hadi kilele. Kinafaa pasi na vitu vya koili ya joto peke yake.

Tafuta transfoma halisi ya 500VA au zaidi, yenye koili mbili zilizotenganishwa. Ya uwezo huo ina uzito wa kilo kadhaa. Ya koili moja (ototransfoma) ni ya bei nafuu zaidi, ila sehemu ya chini ya koili ikikatika, volti za ukutani zinaingia zote kwenye ampu.

Volti_Nyegezi:
Naongezea. Chagua transfoma yenye njia za kutolea 100V na 110V. Kwa 50Hz, 100V inaupa chuma sumaku ileile ya 120V kwa 60Hz. Ukubwa wa mwisho wa sauti utapungua kidogo, ampu itadumu. Stabilaiza ya 1000VA ikae kabla ya transfoma, kwa ajili ya hizo 180V za jioni. Matundu ya hewa yafunike kwa wavu mwembamba, maana wadudu wa ziwani wanaofuata taa hujazana kwenye bodi na kushika unyevu.

Anza na 110V, iache ampu iwake saa moja bila muziki. Ukishindwa kushika transfoma yake ya ndani kwa sekunde tano (chomoa kwanza ndipo uguse), hamia 100V.