Naomba ushauri: gari yenye dashibodi nyepesi au yenye skrini kubwa?

Bibi_wa_Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. N'naomba mnishauri kabla sijatoa pesa.

Miaka yote naendesha Probox ya marehemu baba. Dashibodi yake ni plastiki ya kijivu, redio na swichi za kuzungusha za kiyoyozi, basi. Katikati kuna kimeza cha kuvuta. Msimu wa karafuu baba akikivuta, akiweka daftari na kuandika pishi za kila mchumaji, gari imesimama chini ya mikarafuu. Mpaka leo pembeni mwa kimeza kuna doa la wino wake. Usiku gari ile naijua kwa vidole, macho yangu hayaondoki njiani. Lakini bodi imeliwa na kutu, chumvi ya bahari hapa kwetu haina huruma, na fundi kaniambia nisiitie pesa tena.

Shemeji yangu wa Unguja kanitafutia nyingine mpya zaidi, skrini kama ubao wa chuoni. Kaniachia wiki moja niijaribu. Siku ya nne natoka Makangale naja Konde, mvua ya masika, ndani ya msitu wa Ngezi giza limeshika, kioo cha mbele kikaingia ukungu. Nagusa skrini, yanakuja maandishi ya Kijapani. Nagusa tena, inalia redio. Nagusa pembeni, inakuja ramani. Kuinua macho, gari la ng'ombe hili hapa mbele yangu, halina taa. Nilifunga breki, Mola akanisitiri. Nilikaa pale mikono inatetemeka.

Shemeji anasema nitazoea, eti nang'ang'ania ya kale. Mie nikikaa mbele ya dashibodi isiyo na mambo mengi roho inatulia. N'nakosea?

FundiUmeme_Mwanakwerekwe

Pole sana bibi, na Alhamdulillahi umesalimika. Hukosei. Skrini hizo zimetengenezwa kwa soko la Japani. Nyingine ukichomoa betri tu inajifunga na kudai namba ya siri, na ile kadi ya ramani ikishapotea unabaki na kioo cheusi katikati ya gari. Zile redio zao za zamani nazo zinaishia FM 90, stesheni zilizo juu ya hapo huzipati.

Kuhusu ukungu: washa kiyoyozi, elekeza upepo kiooni, fungua hewa ya nje. Kiyoyozi kinakausha unyevu wa pumzi zenu humo ndani. Gari yoyote utakayoitaka, kwanza kaa kwenye kiti, fumba macho, kisha tafuta kwa mkono taa, waipa, hazadi (taa za tahadhari) na upepo wa kioo. Ikikushinda, iache.

Kijana_wa_Darajani

Mie nina rai tofauti. Mtaani kwetu watoto wakitoka chuoni wanajaa njiani, na mtoto wa miaka mitatu akiwa nyuma ya gari humuoni kwenye kioo chochote. Kamera ya nyuma imeshaniokoa, na picha yake inatokea kwenye skrini hiyohiyo. Bibi, usiikatae yote kwa mkasa wa siku moja.

Mpenzi_wa_Magari_Mkoani

La kamera ni kweli, ila skrini iliyomeza kila swichi ni jambo jingine. Mwaka 2022 jarida la magari la Sweden, Vi Bilägare, liliwapa madereva kazi chache za kufanya huku wakienda kilomita 110 kwa saa, zikiwemo za redio na za joto la ndani. Volvo V70 ya 2005, yenye vitufe vya kawaida, ilichukua sekunde 10, yaani mita 306 za barabara. Gari ya kisasa iliyoshika mkia ilichukua sekunde 44.9, mita 1,372! Bibi, hebu fikiria mita hizo ndani ya Ngezi.

Na Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, kuanzia 2026 wakitoa alama wanaangalia pia kama indiketa, hazadi, honi na waipa zina swichi zake zenyewe. Basi huo si ukale.

Bibi_wa_Wete

Ahsanteni sana. Jana, kabla sijairudisha ya shemeji, nilifanya alivyosema fundi. Ndani ya Probox nimefumba macho, vyote vinne nimevipata. Ndani ya ile nyingine nimepata taa na waipa.

Kijana, neno lako la watoto limeniingia. Nina wajukuu watatu, uwanja wao ni uani hapohapo ninapoegesha. Fundi, kuna Probox ya 2014 inauzwa huko Unguja. Kamera inafungika bila ya kuleta skrini kubwa?

FundiUmeme_Mwanakwerekwe

Inafungika. Kuna kioo cha ndani chenye skrini ndogo. Ukitia rivasi picha inatokea, ukitoa kinarudi kioo cha kawaida. Waya tunaupitisha juu ya dari mpaka mlango wa nyuma, dashibodi haitobolewi. Na hiyo ya 2014 wameiongezea kishikio cha simu na pahala pa kuweka pakiti ya maziwa ya lita 1. Kimeza cha kuvuta wamekibakisha.

Bibi_wa_Wete

Kimeza kipo? Basi Jumamosi napanda boti, Insha'Allah. Nikishaiona nakuja nayo moja kwa moja gereji kwako.