Kreatinini ya mchoma zebaki iko sawa: figo zake ziko salama?

Mwalo_Maabara
Wakuu, salaam. Wachenjuaji wa dhahabu wanaochoma zebaki kwenye kikaango wanapimwa kreatinini ya damu (taka ya misuli inayotolewa na figo) na mkojo kwa kijiti cha kuchovya. Majibu yakiwa safi wanaambiwa figo nzima. Zebaki inaanza na seli zipi, na kipimo gani kinawahi kuonyesha? Na haya maziwa wanayokunywa "kusafisha sumu" yanafanya kazi?

Mirija_ya_Figo
Mkuu, kreatinini hupima kazi ya vichujio vya figo, na mara nyingi haipandi mpaka karibu nusu ya uwezo wa kuchuja iwe imekwisha. Zebaki huanzia kwingine.

Takriban 80% ya mvuke unaovutwa hubaki mwilini. Kimeng'enya cha katalesi huugeuza kuwa ayoni ya zebaki, Hg²⁺, nayo hulundikana kwenye figo kuliko kiungo kingine chochote. Huko huingia kwenye seli za sehemu ya mwanzo ya mirija ya figo, inayopokea maji yaliyochujwa: upande wa damu kwa milango ya OAT1 na OAT3, upande wa mkojo kwa milango ya asidi amino, ikiwa imeshikana na sisteini (asidi amino yenye salfa). Kipande kilichonyooka cha sehemu hiyo ndicho huumia zaidi. Ikishaingia hung'ang'ania salfa ya protini, humaliza glutathioni (kinga ya seli dhidi ya sumu), na mitokondria hushindwa kutengeneza ATP, nishati ya seli. Seli hizi hula nishati nyingi kwa sababu kazi yao ni kurudisha kwenye damu vitu vilivyochujwa, zikiwemo protini ndogo. Zikichoka, protini hizo huishia kwenye mkojo. Kijiti chako kinatambua albumini, protini kubwa ya damu. Hizo ndogo zinakipita hivi hivi.

Kipimo_Kwanza
Naongezea. Pima zebaki ya mkojo kwa gramu ya kreatinini. Kuanzia mikrogramu 20 kwa gramu mtu atolewe kwenye uchomaji. Kreatinini ya mkojo ikiwa chini ya 0.3 au juu ya 3 g/L, rudia sampuli. Usikusanye mwaloni, pale wanapochenjulia! Anawe, abadili nguo, atumie chupa ya plastiki iliyosuuzwa kwa asidi ya nitriki, la sivyo unapima vumbi la mikononi. Damu pekee hupotosha kwa mla samaki, maana samaki nao wana zebaki. Na aliyeacha kuchoma miezi miwili tayari amepoteza karibu nusu ya zebaki yake, kwa hiyo uliza tarehe.

Kwa mirija, agiza kwenye mkojo RBP (mojawapo ya protini ndogo hizo) au NAG (kimeng'enya kinachovuja kwenye seli za mirija zilizoumia). Beta-2 mikroglobulini, protini ndogo nyingine, huharibika kwenye mkojo wenye pH chini ya 5.5, hata ukiwa bado kibofuni, ukadhani mgonjwa mzima.

Mirija_ya_Figo
Sahihi. Ila akivimba uso na miguu na protini ikapita gramu 3.5 kwa siku, hapo kichujio nacho kimeguswa, kwa njia ya kinga ya mwili. Muulize na krimu za kung'arisha ngozi: Nairobi mwaka 1972 iliripotiwa kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima 60 wenye hali hiyo walikuwa wakipaka krimu za zebaki.

Ritoti
Maziwa hapana. Mvuke unapita mapafuni, maziwa yanaenda tumboni. Barakoa ya kitambaa nayo ni pambo. Tumieni ritoti (chombo kilichofungwa kinachopoza mvuke wa zebaki na kuukusanya), na ncha ya bomba isizame kwenye maji: chombo kikipoa huyavuta ndani, yakikutana na chuma cha moto hulipuka.