Kusafisha picha bado ni fani ya kuitegemea, au pesa niiweke kwenye bodaboda?

Kijana wa Makorora

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Nipo Tanga mjini, nina miaka 23, nafanya kazi kwenye steshenari: fotokopi, laminesheni, picha za pasipoti. Mwaka wa pili sasa picha hizo nazisafisha mimi. Naondoa chunusi, nabadilisha rangi ya nyuma, nanyoosha kola ya shati. Juzi nimeletewa picha ya harusi ya mjomba wangu, imekatika kwenye mikunjo, nikakaa nayo hadi saa nane usiku na usingizi sikuuona.

Sasa kila nikisema hii ndiyo niifanye fani, naambiwa simu inamaliza yote kwa kugusa mara moja. Kuna kozi nataka kuilipia, pesa nimeidunduliza. Nilipe, au nitafute bodaboda?

Fundi Harusi, Bagamoyo

Kazi ipo mdogo wangu, mimi inanilisha. Lakini harusi moja natoka na picha mia nne, na bibi harusi anataka uso laini usio na alama. Huwezi kukaa na picha moja hadi saa nane. Jifunze kasi. Tengeneza mpangilio mmoja wa rangi na ngozi, upitishe kwenye picha zote, kabidhi. Kozi usilipe, mafunzo ya bure yamejaa mtandaoni.

Bi Mkubwa wa Ngamiani

Marahaba mwanangu. Nimesoma swali lako mara mbili, nikaona nisilale bila kukujibu.

Mimi niliingia kazi hii mwaka 1981, msichana wa miaka 19, na kilichoniingiza ni piko. Mwenye studio alikuja kwenye harusi ya jirani, akaona mikono ya bibi harusi, akauliza nani kachora. Jumatatu nikaanza kazi ya kuziba vitone. Vumbi likikaa juu ya negativu, yaani kile kipande cha filamu ambacho picha huchapwa kutoka kwacho, mwanga haupiti, na kwenye karatasi panabaki kitone cheupe. Unachukua brashi yenye ncha ya nywele mbili tatu, unachovya wino uliozimuliwa hadi uwe wa kijivu, unaikausha kwenye kitambaa mpaka udhani haina kitu, ndipo unagusa. Hupaki, unagusa. Ukigusa na brashi iliyolowa, wino unazama na hautoki tena. Kitone cheusi ni kigumu zaidi, maana hicho hukwanguliwa kwa ncha ya wembe, na mkono ukizidi umeichana picha.

Chumba chetu cha giza kilikuwa stoo isiyo na dirisha. Dawa ya kutolea picha kwenye filamu inataka nyuzi 20, na wakati wa kaskazi maji ya bomba hapa kwetu yanakaribia 30. Kila asubuhi nilinunua barafu, nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni ili isiizimue dawa, nikauweka mfuko ndani yake. Ukizembea, ngozi ya filamu inalainika, ukiipitishia kidole inabanduka kama utando wa maziwa.

Kilichonifunza kuona ni kanzu. Mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe: ukichapa uso uonekane vizuri, kanzu inakuwa karatasi tupu, ukipata mikunjo ya kanzu, uso unazama gizani. Basi chini ya mashine ya kukuzia tulikinga uso kwa kiduara cha kadi kilichofungwa kwenye waya, tukikitikisa ili kisiache mpaka, kisha tukaiongezea kanzu mwanga kupitia tundu la vidole. Fungua Photoshop yako utazame alama za vifaa. Kile kijiti chenye duara ndiyo kadi yetu, na ule mkono uliokunjwa ndio huu wangu.

Sasa nikueleze lililoniuma. Walikuja watoto wa mama mmoja aliyekuwa amefariki, na picha yake moja ndogo, wakitaka ikuzwe iwekwe ukumbini. Tukaipigia nakala, nikaichapa, nikakaa kuziba vitone. Vilikuwa vingi, nikaviziba vyote. Binti yake mkubwa alipoipokea aliitazama kwa muda, akauliza: "Kipini cha mama kiko wapi?" Kitone kimojawapo, puani upande wa kushoto, hakikuwa vumbi. Kilikuwa dhahabu iliyopata mwanga. Nikaichapa upya siku ile ile, karatasi kwa gharama yangu, na binti akakaa nje barazani hadi ilipokauka. Tangu hapo sigusi kitu usoni kwa mtu kabla sijajua ni nini.

Kompyuta nilianza mwaka 2004, mwanangu alinikalisha mbele yake. Brashi ile inayoponya ngozi ilikuwa ndiyo kwanza imetoka na Photoshop 7 ya mwaka 2002. Nilidhani nitaichukia. Nilipofahamu leya, kwamba nasafisha juu ya tabaka tupu na picha ya chini haiguswi, wallahi nilimkumbuka yule binti. Kipini kingerudi kwa kuzima leya moja.

Fundi wa Bagamoyo, kasi unayosema ni kweli, harusi zinaitaka. Lakini mashine ikipita kwenye nyuso mia nne haimuulizi mtu kipini chake. Kijana, kama mwalimu wa kozi atakaa na picha zako akuonyeshe wapi umekosea, lipa. Kama ni kukuonyesha vitufe tu, pesa yako nunulia skana nzuri. Majumba ya Tanga yamejaa albamu zilizoliwa na kuvu, na wenyewe wanalipa.

Kijana wa Makorora

Bi Mkubwa, Mungu akuweke. Umesema kuvu: nina bahasha ya negativu za babu, za milimita 35, zina madoa kama utando wa buibui. Nizioshe kwa maji na sabuni?

Bi Mkubwa wa Ngamiani

Hapana mwanangu, maji usiyapeleke kabisa! Ngozi ya filamu ni jelatini, na jelatini ndiyo chakula cha kuvu. Sehemu iliyoliwa ikipata maji inayeyuka, picha inaondoka nayo. Zipulize vumbi taratibu kwa kipulizo cha mpira, zishike pembeni, uziskani kama zilivyo kwa nukta 3,200 kwa inchi. Negativu moja itakupa kama pikseli 4,500 kwa 3,000, inatosha kuchapa inchi 15 kwa 10 bila kupoteza kitu. Hifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, utando uuondoe kwenye kompyuta. Kisha zitoe kwenye hiyo bahasha, uziweke kwenye mkebe unaofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Hewa yetu ya bahari haizihurumii.

Fundi Harusi, Bagamoyo

Bi Mkubwa shikamoo. Picha za familia na wazee nitaanza kuzipitia moja moja, hilo nimelichukua. Ila zile za kucheza ukumbini, acha mashine ifanye.

Bi Mkubwa wa Ngamiani

Marahaba baba. Hapo tumeelewana.

Kijana wa Makorora

Nimerudi. Baada ya kusoma habari ya kipini nimefungua kazi za leo. Asubuhi alikuja mzee mmoja, picha ya pasipoti, nikamsafisha paji la uso, nikaona doa nikaliondoa. Nimekuza picha ya kwanza: lilikuwa sijida. Na nilihifadhi juu ya faili lile lile, leya sina. Bahati nzuri memori kadi ya kamera sijaifuta, na mzee kasema atapita kesho baada ya alfajiri. Naianza upya sasa hivi.